Kipupwe, blanketi na kitabu

Kama unasoma ukurasa huu mwezi wa saba ukiwa Njombe, Makete, Mufindi au Tukuyu, najua ulivyo sasa hivi: sweta mbili, soksi, na mkono mmoja tu umetoka nje ya blanketi ili kufungua ukurasa. Pole sana. Na wewe uliyeko Lindi au Tanga mjini unayetucheka, cheka tu. Ukifaulu kidato cha nne unaweza kupangiwa kidato cha tano huku juu, na kidato cha tano huanza Julai. Tumewaona wengi wakishuka stendi na shuka moja na kandambili.

Leo nataka tuzungumze juu ya kusoma katika miezi hii ya baridi. Sisemi kusoma kwa ajili ya mtihani, huko mnasukumwa vya kutosha. Nasema kusoma kitabu ulichokichagua mwenyewe, kwa raha yako, bila mwalimu kukuuliza maswali mwishoni. Kwangu mimi kipupwe ndio msimu mzuri kuliko yote kwa jambo hilo. Pia ni katika kipupwe kimojawapo ambapo kusoma ndani ya chumba kulikaribia kuniua. Nitafika huko.

Kwanza, baridi hii inatoka wapi?

Mwezi Juni jua linakuwa limehamia kaskazini ya Ikweta. Sisi tulio kusini yake tunalipata kwa mshazari, na mchana wetu unakuwa mfupi. Hapa Njombe mchana wa Juni unapungukiwa na zaidi kidogo ya saa moja ukilinganisha na wa Desemba. Ongeza na mwinuko. Kila ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa nyuzi 6 hivi, na mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kisha hakuna mawingu. Watu hudhani mawingu ndiyo yanayoleta baridi, kumbe usiku wingu ni kama blanketi la ardhi. Likikosekana, joto lote la mchana linapaa na kupotea. Ndiyo maana kule uwanda wa Kitulo, ambao uko juu zaidi, asubuhi za Juni na Julai unaweza kukuta umande umeganda kuwa barafu juu ya majani.

Basi jua likizama watu wanaingia ndani mapema. Mpira hauchezeki gizani, hakuna anayekaa barazani, shamba nako mahindi yamekauka yanasubiri kuvunwa. Usiku unakuwa mrefu kweli. Hapo ndipo wengine wanaanza kuona upweke, hasa mliopanga vyumba mbali na nyumbani. Mwenzio anakwambia "nimeboeka", ukimwangalia vizuri si kuboeka, ni huzuni. Kitabu kinasaidia hapo, kwa sababu kwa saa moja unakaa na watu wengine wenye shida zao. Lakini tusidanganyane: kitabu si dawa. Kama huzuni imekaa zaidi ya wiki mbili, huli, hulali, hata vile ulivyokuwa ukivipenda huvitaki tena, ongea na mtu mzima unayemwamini au nenda kituo cha afya. Hilo ni jambo la afya kama jipu au kikohozi.

Malengo makubwa, kitabu kimoja

Nikiwa kidato cha pili niliandika nyuma ya daftari: "Likizo hii nitasoma vitabu 10." Nilipigia mstari mara mbili kwa wino mwekundu. Unajua nilisoma vingapi? Kimoja, na kurasa za mwisho nilizirukaruka. Siku ya tatu tu nilikuwa nimeshachelewa, siku ya tano nikaona aibu, na kuanzia siku ya sita nikawa nakikwepa hata kile kitabu chenyewe kama mtu anayemkwepa anayemdai.

Kosa halikuwa uvivu. Lengo la "vitabu 10" halikuambii leo jioni ufanye nini. Siku hizi ninapotembelea shule nawaambia wanafunzi wahesabu dakika, wasihesabu vitabu. Dakika 20 kwa siku. Msomaji wa kawaida atamaliza kurasa 8 hivi katika muda huo, wengine zaidi, wengine pungufu, na haina neno. Juni hadi Agosti kuna siku 92. Tuseme siku 32 zimepotea kwa ugonjwa, msiba, mavuno na uchovu. Zinabaki siku 60. Kurasa 8 mara siku 60 ni kurasa 480, yaani riwaya tatu za unene wa kawaida, bila kukesha hata usiku mmoja.

Zile dakika 20 zifunge kwenye jambo ambalo tayari unalifanya kila siku. Ukishaosha vyombo, unasoma. Ukishafunga kuku, unasoma. Ukisema tu "nitasoma nikipata nafasi", nafasi haitakuja, nakuhakikishia. Tafuta na kipande cha karatasi, andika tarehe, ukurasa uliofika na sentensi moja ya ulichokiwaza. Mimi bado ninavyo vikaratasi vyangu vya zamani. Kimoja kimeandikwa "huyu mjomba simwamini", na baadaye ikaonekana nilikuwa sahihi.

Kitabu kikikushinda, kiache. Ndiyo, nimesema kiache. Walimu wengine hawatafurahi, lakini hakuna mtu anayekula chakula kibaya hadi mwisho kwa sababu tu alishaanza. Kipe kurasa 30, kisipokushika mrudishie mwenyewe, chukua kingine.

Na hapa niseme jambo ambalo wavulana hawatalipenda. Katika nyumba nyingi, kijana wa kiume akimaliza kula anafungua kitabu au simu. Dada yake ndiyo kwanza anakusanya vyombo, anachemsha maji ya kuoga ya baba, anamlaza mdogo wao. Akikaa chini ni saa nne ya usiku na macho yanafumba. Halafu tunasema wasichana hawapendi kusoma! Kama wewe ni kaka, osha vyombo siku tatu kwa wiki. Hutapungukiwa kitu. Kama wewe ni dada, mwombe mama hizo dakika 20 kwa heshima, na umwambie ni za nini. Mama wengi wanakubali wakielezwa. Wasichokipenda ni kumwita mtu mara tatu haitiki.

Vitabu navyo vinapatikana wapi? Anza na maktaba ya shule, hata kama ni kabati moja lenye kufuli, muulize mwalimu nani anao ufunguo. Miji ya mikoa mingi ina maktaba zilizo chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Halafu kuna njia yetu ya siku zote, kuazimana. Watu watano wakiwa na kitabu kimoja kimoja, kila mmoja ana vitabu vitano. Ukitaka kuchekeshwa na kutatizwa na upelelezi, tafuta hadithi za Bwana Msa za Muhammed Said Abdulla. Ukitaka kitu kizito kidogo, kuna Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971 na kuzua mjadala hadi ikazuiwa mashuleni kwa muda. Na yule Mzanzibari, Abdulrazak Gurnah, aliyepata tuzo ya Nobeli ya fasihi mwaka 2021, riwaya yake moja imeshatafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi.

Usiku wa jiko

Sasa nirudi kwenye lile nililoliahidi.

Nilikuwa kidato cha tatu. Shule haikuwa na bweni, kwa hiyo mimi na mwenzangu tulipanga chumba kimoja, tofali za kuchoma, dirisha moja dogo la mbao. Tulikuwa tumeazima hiyo hiyo Rosa Mistika na ilitakiwa irudi Jumatatu. Ilikuwa Jumamosi usiku, baridi ile ya kukufanya useme na meno. Tulikuwa tumepika maharage nje kwenye jiko la mkaa. Yalipoiva, makaa yalikuwa bado mekundu, mazuri, hayana moshi hata kidogo. Tukaona ni dhambi kuyaacha yaote ukuta. Tukaliingiza jiko ndani, tukafunga dirisha, tukaziba chini ya mlango kwa kanga. Tukaingia chini ya blanketi, taa ya sola katikati, tukawa tunasomeana kwa zamu.

Kwa kweli ilikuwa raha. Sijawahi kusikia joto zuri kama lile.

Baada ya muda kichwa kikaanza kuniuma. Nikadhani ni maandishi madogo. Mwenzangu akasema anasikia kichefuchefu, tukalaumu maharage. Zamu yangu ya kusoma ilipofika nikaona nasoma mstari ule ule mara tatu sielewi kitu. Nikataka kuinuka ninywe maji, magoti yakakataa. Nakumbuka sikuogopa. Hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba sikuogopa. Nilisikia usingizi tu.

Mama mwenye nyumba alikuja kudai ndoo yake. Aligonga, hakujibiwa, akaona mwanga wa taa, akasukuma mlango. Alituburuta nje mmoja mmoja. Majirani wakaja na maziwa. Bahati nzuri mmoja wao alikuwa na pikipiki na akasema twende hospitali, maziwa baadaye. Tulipewa hewa ya oksijeni hadi asubuhi.

Kilichokuwa kinatuua kinaitwa kaboni monoksaidi. Ni hewa inayotoka mkaa, kuni au mafuta yanapoungua bila kupata oksijeni ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Watu wengi wanaogopa moshi, na moshi ukiisha wanasema jiko sasa ni salama. Mambo ni kinyume chake. Makaa mekundu yasiyo na moshi yanatoa hewa hiyo kwa wingi. Ukiivuta inaingia kwenye damu. Ndani ya damu kuna kitu kinachoitwa himoglobini, ambacho kazi yake ni kubeba oksijeni kuipeleka mwilini. Kaboni monoksaidi huing'ang'ania himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ni kama abiria wasio na tiketi waliojaza basi, mwenye safari halali anabaki stendi. Unapumua vizuri kabisa, kifua kinapanda na kushuka, lakini ubongo na moyo havipati oksijeni.

Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, kuchanganyikiwa, kisha kupoteza fahamu. Zinafanana na malaria, zinafanana na uchovu wa kusoma. Ila angalia jambo hili: kama mko wawili au watatu chumbani na wote mnaumwa kichwa kwa wakati mmoja, tokeni nje, msijadiliane. Aliyekwisha kulala huenda asiamke kabisa. Mama mjamzito na kichanga aliye tumboni wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi haraka, wewe mwenyewe usikae humo ndani. Mpeleke hospitali hata akisema amepata nafuu. Kama hapumui na unajua kumsaidia kupumua, mfanyie hivyo huku mnatafuta usafiri. Maziwa hayatoi hewa hiyo kwenye damu, na aliyezimia ukimnywesha chochote anaweza kupaliwa.

Wanafunzi huniuliza kila mara: "Je, nikiacha dirisha wazi kidogo?" Jibu langu ni kwamba hujui "kidogo" inatosha kiasi gani, na kama nilivyosema, hewa yenyewe huioni wala huinusi. Jiko likae nje. Kama ni la kupikia, pikia nje au jiko lililojengwa mbali na chumba cha kulala na lenye pa kutolea moshi. Makaa yakibaki, yazime kwa maji au mchanga, utayatumia kesho. Koroboi nayo iache kama unaweza kupata taa ya sola. Moshi wake unachafua mapafu, na blanketi na moto ulio wazi havipatani.

Basi tuote nini?

Vipo vitu vingi tu. Chukua chupa ya plastiki nzito, tia maji ya moto ambayo hayachemki, funga vizuri, izungushie kanga, iweke miguuni ndani ya blanketi nusu saa kabla ya kulala. Vaa nguo nyembamba mbili tatu badala ya moja nene, kwa sababu hewa inayobaki katikati yake ndiyo inayozuia joto lisitoke. Soksi kavu, si zile ulizoshinda nazo shuleni. Kofia ya sufu kutoka mitumbani. Usiku kula chakula cha moto, viazi vya kuchemsha au uji wa ulezi. Ukiwa na tangawizi, chai inakuwa sherehe.

Lakini raha kubwa ya kipupwe, ukiniuliza mimi, ni jua la saa nne asubuhi. Baridi imepungua, ukuta umeanza kupata moto, unaegemea pale na kitabu kama mjusi. Siku za likizo, Jumamosi na Jumapili, tumia mwanga huo. Ni bure, ni mzuri kwa macho kuliko taa yoyote, na kwa umri wenu kukaa nje mchana kunasaidia macho yasipate tatizo la kutoona mbali.

Kuhusu macho, nimeulizwa pia kama kusoma kwenye mwanga hafifu kunapofusha. Hapana, hakupofushi. Kunachosha, macho yanakauka na kichwa kinauma, kwa sababu mtu anaposoma anapepesa mara chache. Kitabu kiwe umbali wa sentimita 30 hadi 40 hivi. Kila baada ya dakika 20 inua uso, tazama kitu kilicho mbali, tuseme mita 6, kwa nukta 20, halafu endelea. Kama ubaoni huoni hata ukikaa dawati la mbele, hilo si suala la taa tena, nenda ukapimwe.

Na usiku ukifika, lala. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10. Najua kitabu kikiwa kitamu unasema "sura moja tu", na baada ya hiyo inakuja nyingine. Simu ni mbaya zaidi kwa hilo, kwani haina ukurasa wa mwisho.

Mwaka huu lengo langu mwenyewe lilikuwa dogo kuliko yote niliyowahi kujiwekea: kumsomea bibi kitabu kimoja. Bibi alisoma hadi darasa la pili tu, na macho yake sasa hayaoni maandishi. Nilichagua Kusadikika ya Shaaban Robert, kwa sababu ni kitabu chembamba na ndani yake mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Nilipanga mjumbe mmoja kwa siku. Tulikaa mkekani nje ya nyumba, juani, yeye amejifunika blanketi lake la bluu anapukuchua mahindi, mimi nasoma. Siku ya kwanza alikuwa anasinzia. Siku ya tatu aliniuliza kwa nini mfalme hasikii. Siku ya tano alimfukuza jirani aliyekuja kupiga soga, akamwambia arudi mchana, "tuna kesi".

Siku ya sita nilipofunga kitabu, hukumu ilikuwa bado. Bibi akaacha mahindi.

"Sasa huyo Karama wanamwachia au hawamwachii?"

"Kesho, bibi. Saa nne."

Akanitazama kwa muda, kisha akasema siku hizi vijana hatuna huruma.